Koili ya Nne

Nsemulwa, Ijumaa alasiri

Spesioza mwanangu,

Habari za sweta, soksi nzito, unga wa ulezi na jinsi ya kuwasalimu watu wa kanisani huko ughaibuni unakorudi kazini, mama yako amezimaliza, tena mara mbili, na mimi sina la kuongeza. Najua barua za namna hii hutiwa kwenye begi zikasomwe safarini. Hii isome leo, kabla jua halijazama. Kesho ukiwa ndani ya basi haitakuwa na kazi.

Nimekasirika. Naanza na hilo ili usihangaike kulitafuta kati ya mistari. Nimeandika habari za mkoa huu tangu barabara zake zote zikiwa vumbi, na watu husema mzee huyu hapandishi sauti. Nimekaa mbele ya wakubwa wakinidanganya huku karatasi zao wenyewe ziko mkononi mwangu, sikupandisha sauti. Lakini tangu Jumanne tulipotoka Kabungu nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, hadi mama yako ameniuliza kama ni tumbo.

Si tumbo. Ni ile koili yenu ya nne.

Kwanza nikurudishie maneno yako, maana ndivyo ninavyofanya na kila mtu kabla sijamwandika, asije akasema sikumwelewa. Kuna bomba, na ndani yake protoni zinakimbia karibu na kasi ya mwanga. Kundi likiachwa hivihivi linatawanyika na kugonga kuta za bomba. Kwa hiyo nyie mnalizungushia bomba koili nne, yaani mizunguko ya waya wa umeme, kila moja ikiwa ncha ya sumaku: kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Katikati kabisa hakuna nguvu ya sumaku, chembe iliyo katikati haiguswi. Iliyotoka kidogo inasukumwa kidogo, iliyotoka sana inasukumwa sana. Ubaya wake, sumaku ikilibana kundi kutoka kushoto na kulia, inalitanua juu na chini. Nilikuuliza kwa nini mtu asome miaka yote hiyo atengeneze kitu kinachoharibu nusu ya kazi yake. Ukacheka, ukaniambia, "Baba, moja peke yake inaharibu. Inayofuata tunaigeuza robo mzunguko, zikiwa mbili zinarekebishana." Hilo nililiandika kwenye daftari langu. Ni jibu zuri.

Baba yako mdogo Gervas ndiye hakuridhika. Alikuja na matope ya machimboni miguuni, akakukalisha pale karibu na karo la kuoshea vyombo.

"Mwanangu, hiyo sumaku yenu inavuta dhahabu?"

"Haivuti, baba mdogo. Dhahabu haivutwi na sumaku."

"Basi inavuta nini?"

"Haina inachovuta. Inanyoosha tu njia ya vitu vidogo sana."

"Vidogo kama nini?"

"Huwezi kuviona."

Gervas akanigeukia mimi. "Kaka, umemsomesha mtoto atengeneze sumaku isiyovuta, ya kunyoosha vitu visivyoonekana. Na wanamlipa?" Ukasema wanakulipa. Akasema, "Wazungu wana nafasi!" Nilicheka na nyie. Jumapili nilikuwa bado nacheka.

Jumanne pikipiki ikapata pancha tukitoka kumuaga shangazi, na wakati nahangaika na kiraka, ukakaa kwenye jiwe ukaanza kunisimulia habari ya Mzee Emil kama vile unasimulia habari za hali ya hewa. Kwamba ndiye aliyekufundisha kupima. Kwamba ana miaka mingi kwenye kazi hiyo kuliko umri wako, na mwakani anastaafu. Kwamba alipima koili zote nne kwa kifaa chake, akaandika kwa mkono wake, kisha akakuachia uzipime tena ili sahihi ziwe mbili. Na kwamba koili ya nne, ulipoipima wewe, ilikuwa nene kuliko alivyoandika yeye.

"Nene kwa kiasi gani?" nikauliza.

"Kama unywele mmoja."

"Ukapima tena?"

"Mara tatu."

"Ikatoka ngapi?"

"Ileile yangu."

"Kisha ukafanya nini?"

Ukaangalia barabara. "Nikaandika yake."

Nilikuuliza kwa nini, na jibu lako ndilo linalonizungusha uani. Ulisema, "Baba, ni mzee. Ningemwambiaje kwamba amekosea?"

Nikauliza unywele mmoja una madhara gani, nikitumaini utaniambia hauna. Lakini wewe si mwongo, kwa hiyo ulinieleza yote. Waya wa koili hizo, wa metali za niobi na bati, huzungushwa ukiwa laini, kisha huokwa tanuruni siku nyingi, na ukishatoka huko unakuwa kama chungu cha udongo, rahisi kupasuka. Mkiupooza kwa heliamu ya baridi kali unapitisha umeme bila ukinzani wowote, umeme mwingi mno, na koili zinasukumana kwa nguvu ya kutisha. Koili ikisogea hata kidogo, msuguano unaleta joto, na kufumba na kufumbua sumaku nzima imezimika. Kwa hiyo mnazibana mapema. Zikibanwa kidogo zinasogea, zikibanwa sana zinapasuka. Na vile vipande vyembamba vya kujazia nafasi vimeshakatwa kwa kufuata tarakimu za Mzee Emil, wewe ukiwa umeweka sahihi chini yake. Kama koili ya nne ni nene kama ulivyosoma, itabanwa kupita kiasi. Ikipona isipasuke, zile nguvu nne hazitalingana, na pale katikati hapatakuwa katikati tena.

"Na utafanyaje?" nikauliza.

"Nikifika nitaipima tena kimyakimya, nibadilishe tarakimu na vile vipande. Hakuna atakayejua."

Hapo ndipo niliponyamaza. Ulidhani nahangaika na kiraka.

Sasa nikwambie kwa nini sina haki ya kukukasirikia wewe peke yako.

Ulipokuwa na miaka tisa, katekista alikuja kutupimia msingi wa jiko. Alikuwa mtu mzima, anaheshimika, na alipima kwa kamba na hatua za miguu. Wewe ukasimama pembeni na rula yako ya shule, ukasema, "Babu, hiyo kona haijakaa sawa." Nikakuamuru upige magoti umwombe msamaha, na ukapiga magoti. Jioni nilitoka nikaitazama kona. Haikuwa sawa. Niliona kabisa, nikaingia ndani nikala ugali wangu. Mlango wa jiko haujawahi kufunga vizuri, na kila mama yako anapousukuma kwa kiuno nakumbuka magoti yako kwenye kokoto. Sikukwambia hata siku moja kwamba ulikuwa sahihi. Nilikufundisha kwamba mkubwa akikosea, mdogo ndiye anayeomba radhi, na wewe ulikuwa mwanafunzi mzuri kuliko nilivyostahili.

Hilo ni kosa dogo. Kubwa ni la Litapunga, na hili mama yako analijua nusu tu.

Nilikuwa kijana, na baiskeli na daftari. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha siku tatu, na asubuhi ukuta wa nyumba ya udongo ukaangukia familia. Nilifika nikakuta vijana wanachimba. Walikuwa vibarua wa palizi, wageni wa pale, hawakuijua familia. Baba wa nyumba alikuwa hayupo. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, haongei, na kando yake watoto waliotolewa hai, wamefunikwa blanketi. Alikuwa mtu wetu, wazazi wake walivuka kutoka Burundi kama wangu.

Nilihitaji idadi. Na wewe unajua kwetu: mzazi haulizwi ana watoto wangapi. Watoto hawahesabiwi kama mbuzi, kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Bibi yako alikuwa akiulizwa anajibu, "Wapo," basi. Kwa hiyo sikumwuliza yule mama. Niliwahesabu kwa macho, kimya, kama mwizi, nikapata wanne. Nikawauliza vijana wametoa wangapi. Wakasema wanne. Nikaridhika kwamba hesabu mbili zimekubaliana. Hazikuwa mbili. Ilikuwa hesabu moja iliyohesabiwa mara mbili.

Nikawaambia, "Basi, wote wamepatikana." Nilikuwa nimevaa shati safi na nina kalamu, wakaniamini. Wakaweka majembe chini wakaenda kunawa.

Yule mama akaanza kulia. Mpaka hapo hakuwa ametoa sauti. Nikaandika kwenye daftari: mama akitoa machozi ya furaha. Ninalo daftari hilo. Ndivyo nilivyoandika.

Ilipita kama saa moja. Akanyamaza, akavua kitenge chake cha juu, akakikunjua, akasema, "Nileteeni basi nimfunike."

"Umfunike nani, mama?"

"Mwanangu. Si mmeacha kuchimba? Si amekufa?"

Tulichimba kwa majembe na kwa mikono. Alikuwa chini ya ubao wa mlango, binti wa miaka saba, hai. Mlango ulikuwa umemlinda kifua na kichwa. Mguu wa kulia haukuwa na kitu cha kuulinda. Hospitali walimkata mguu huo, na daktari nilipomwuliza, kwa sababu mimi huuliza kila mtu isipokuwa yule ninayepaswa kumwuliza, alisema kama angetolewa mapema kidogo huenda ungepona. Alisema huenda. Nimeliangalia neno hilo kila upande kwa miaka yote hii na halijanisaidia.

Yule mama alinikuta kwenye korido ya wodi. Hakupiga kelele.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuheshimu, mama."

"Heshima yako ilikalia mguu wa mwanangu."

Nilirudi nikaandika habari. Watoto watano wameokolewa, mmoja amejeruhiwa vibaya mguu. Majina, umri, kitongoji, vyote sahihi. Mhariri alinisifu. Hakuna aliyewahi kunisahihisha, maana hakukuwa na kosa la kusahihisha. Sikuandika tu kwamba uchimbaji ulisimama saa nzima, wala nani aliusimamisha. Nilibadilisha wanne kuwa watano kimyakimya, na hakuna aliyejua.

Unaona kwa nini pale barabarani nilinyamaza?

Nilijiambia kwamba nimejifunza na inatosha, mimi sitarudia. Na kweli sikurudia. Miaka ikapita, nikawa nafundisha wenzangu wapya, nikawafundisha kila kitu isipokuwa hilo, kwa sababu kama ningelifundisha, ningelazimika kusema nimelijulia wapi. Mmoja wao siku moja alikwenda kwenye shimo la dhahabu lililotitia. Alihesabu waliotoka, hakuwauliza wenzao walioingia na nani, akatangaza wote salama. Safari hiyo hakukuwa na mguu wa kuzungumzia, aliyebaki chini alitolewa maiti. Alikuja kwangu akilia, akaniuliza, "Mzee, ningejuaje?" Nikamwambia ajipe moyo. Hicho ndicho nilichomwambia, mwanangu, ajipe moyo.

Kwa hiyo usiniambie habari za kubadilisha tarakimu kimyakimya. Fikiri kama mhandisi, usifikiri kama binti wa Nsemulwa aliyepigishwa magoti. Kama kifaa cha Mzee Emil kimesoma koili ya nne vibaya, kimesoma vibaya na koili nyingine ngapi? Ulisema mwenyewe anakitumia kupimia koili za sumaku nyingine mbili. Ukiirekebisha ya kwako kwa siri, umeokoa koili moja na jina lako, na kifaa kinaendelea. Na kama kifaa kiko sawa, na wewe ndiye uliyekosea mara tatu kwa namna ileile, nalo inabidi ulijue, kwa sababu utakuwa na mkono huo huo kwa miaka thelathini ijayo. Hapa mezani petu hatuwezi kujua ni lipi. Wanaweza kujua wao, wakiambiwa.

Unaogopa kupoteza mkataba wako wa kazi. Hujaniambia, ila naona jinsi unavyoigusa ile bahasha uliyoutia. Unafikiri wakijua uliweka sahihi chini ya tarakimu usiyoiamini, watasema basi, binti huyu arudi kwao. Inawezekana. Sitakudanganya kwamba ukweli hulipwa, nimeishi mjini hapa muda mrefu mno. Inawezekana ukarudi, na Gervas akasema alijua tangu mwanzo kwamba sumaku isiyovuta haina kazi, na nitamvumilia. Lakini hapa nilipo mimi, kwenye kuwa sahihi kwenye karatasi huku najua nilichoficha, sitaki uje.

Na Mzee Emil unamdharau. Ndiyo, unamdharau. Mtu aliyekaa na koili maisha yake yote unamwona kama katekista wetu, kwamba akiambiwa kona haijakaa sawa ataanguka chini. Kama angetaka sahihi moja angeweka yake akaenda zake. Alikuomba ya pili. Aliomba mtu wa kumwambia, ukampa mtu wa kumwinamia.

Haya yote ningekwambia taratibu, pengine kwa simu ukishafika. Lakini leo asubuhi, tukiwa kwenye chai, ulitusomea ujumbe wake. Kwamba wamewahi, mashine ya kubania iko wazi, wataanza kubana koili Jumatatu, na wewe usiharakishe, usafiri salama. Mama yako akasema, "Mzee mwema huyo." Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Jumatatu utakuwa bado njiani. Ule mpango wako wa kimyakimya umekufa pale pale juu ya kikombe, na ulijua. Nilikufuata hadi kwenye kamba ya nguo nikakuuliza sasa itakuwaje. Ukasema, "Tumwachie Mungu, baba."

Nimesali na wewe tangu hujaota meno, kwa hiyo nivumilie nikisema hili. Mungu hapimi koili. Kazi hiyo alikupa wewe, akakupa macho mazuri, na macho hayo yameona mara tatu. Yule binti wa Litapunga naye aliachwa mikononi mwa Mungu kwa saa nzima, na mimi ndiye niliyemwacha, nimekaa kwenye kivuli nakunywa maji.

Sasa ni saa kumi jioni. Kwao ni saa tisa, na Ijumaa ulisema hutoka saa kumi na moja. Nakuletea barua hii hapo uani mkononi, na nitasimama mpaka umalize kuisoma, kwa hiyo usiikunje ukasema utaimalizia baadaye. Ukimaliza, mpigie. Usimtumie ujumbe, ujumbe husomwa Jumatatu. Usianze na salamu za ukoo mzima na hali ya mvua, maana nakujua, utasalimu mpaka salio liishe. Usimwombe radhi kwanza. Mtajie tarakimu yake, umtajie yako, umwambie ulipima mara ngapi na kwamba uliandika isiyo yako. Halafu nyamaza, hata kama na yeye atanyamaza.

Mimi nitakuwa hapo hapo karibu. Akiuliza ni nani anapumua namna hiyo, mwambie ni baba.

Baba yako